Mama, Kabla ya Kuamini, Hesabu

  Kama chungu kiko mekoni, punguza moto kidogo. Kama mtoto yuko mgongoni, mgeuze umpakate, tuketi pamoja kwa muda mfupi. Leo tutarudi nyuma sana, kwa sababu jambo linalotusumbua sisi liliwasumbua pia mama zetu waliotangulia.

Je, unaukumbuka mwezi wa Machi mwaka wa 2020? Tarehe 13 Waziri wa Afya alitangaza kwamba mgonjwa wa kwanza wa Covid-19 amepatikana hapa Kenya. Siku chache baadaye shule zilifungwa. Maduka yaliweka mitungi ya maji na sabuni mlangoni. Mafundi wa cherehani waliacha kushona sare za shule, wakaanza kushona barakoa. Na maneno nayo yalienea upesi kuliko ugonjwa wenyewe. Jirani mmoja alisema ugonjwa huu hauwezi kumpata Mwafrika. Mwingine alisema jua letu ni kali, litauua. Wa tatu alisema jifukize kwa mvuke na unywe ndimu na tangawizi, basi umepona. Chanjo ilipofika mwaka uliofuata, simu zilijaa ujumbe kwamba atakayechanjwa hatazaa tena.

Na wewe mama ulikuwa katikati ya maneno hayo yote. Pengine ulikuwa na mtoto mchanga upande mmoja wa nyumba, na upande wa pili kuna nyanya mwenye ugonjwa wa sukari. Ulitakiwa kuamua. Nivae barakoa au nisivae? Nichanjwe au ningoje? Nimsikilize nani?

Swali hilo ndilo mazungumzo yetu ya leo: mtu asiye daktari atajuaje ni neno gani la kushika na ni lipi la kuacha? Nitakusimulia visa vya kweli, na katika kila kisa utaona jambo lile lile. Maisha yaliokolewa pale mtu alipokubali kuhesabu na kulinganisha, hata kama hesabu ilipingana na wakubwa.

Wodi mbili za akina mama

Twende kwanza katika mji wa Vienna, nchini Austria. Mwaka ni 1846. Katika hospitali kuu ya mji huo kulikuwa na wodi mbili za kujifungulia. Wodi ya kwanza ilihudumiwa na madaktari na wanafunzi wao. Wodi ya pili ilihudumiwa na wakunga. Akina mama walipelekwa huku au kule kulingana na siku waliyofika.

Sasa sikiliza hesabu. Katika wodi ya madaktari, karibu mama 10 kati ya kila 100 walikuwa wakifa baada ya kujifungua kwa ugonjwa ulioitwa homa ya uzazi. Katika wodi ya wakunga, waliokufa walikuwa chini ya 4 kati ya kila 100. Akina mama wa mji huo waliijua tofauti hiyo kabla ya maprofesa. Walilia na kuomba wasipelekwe wodi ya kwanza. Wengine waliona heri kujifungulia njiani kuliko kuingia humo.

Daktari mmoja kijana, Ignaz Semmelweis, hakulala kwa ajili ya jambo hilo. Watu walimpa sababu nyingi. Wengine walisema ni hewa mbaya ya mji. Lakini hewa ya wodi zote mbili ilikuwa moja. Wengine walisema ni hofu, kwa sababu kasisi hupita wodini na kengele akienda kuwaombea wanaokufa. Semmelweis akamwomba kasisi abadilishe njia na aache kengele. Vifo havikupungua. Wengine walisema ni jinsi mama anavyolazwa wakati wa kujifungua. Akabadilisha hilo nalo. Vifo havikupungua.

Kisha mwaka wa 1847 daktari mwenzake alikatwa kwa kisu wakati wa kupasua maiti, akaugua na kufa. Dalili zake zilifanana na zile za akina mama. Hapo Semmelweis akatambua. Madaktari na wanafunzi walikuwa wakitoka chumba cha maiti na kwenda moja kwa moja kuwahudumia wazazi. Wakunga hawakupasua maiti. Uchafu ulisafiri mikononi mwa madaktari.

Katikati ya mwezi wa Mei 1847 aliagiza kila mtu anawe mikono kwa maji yaliyotiwa klorini. Mwezi wa Aprili, kabla ya agizo hilo, mama 18 kati ya kila 100 walikuwa wamekufa katika wodi ile. Mwezi wa Juni walikufa takriban 2 kati ya kila 100.

Ungedhani madaktari wote walishangilia. La, hasha. Wengi walikasirika. Waliona ni kama wameambiwa wao ndio wauaji. Semmelweis aliondoka Vienna mwaka wa 1850, akafa mwaka wa 1865 kabla ulimwengu haujakubali kwa jumla maneno yake. Leo, kila muuguzi anayenawa mikono kabla ya kukuhudumia anafuata hesabu ile.

Mama, shika mambo mawili hapa. La kwanza, cheo cha anayesema si ushahidi. La pili, Semmelweis hakuwapinga wakubwa kwa sababu alipenda ubishi. Aliwapinga kwa kuwa alihesabu, akajaribu sababu moja baada ya nyingine, na akaonyesha matokeo ambayo kila mtu angeweza kuyaona. Mtu akikuambia leo kwamba madaktari wote wanadanganya, muulize: wewe umehesabu nini?

Kitambaa cha Daktari Wu

Sasa tuache mikono, tuje kwenye pumzi. Mwisho wa mwaka wa 1910, tauni ililipuka Manchuria, kaskazini mwa China. Serikali ilimtuma daktari kijana, Wu Lien-teh, aliyezaliwa Penang na kusomea Cambridge, Uingereza. Alifika mji wa Harbin mwezi wa Desemba, kukiwa na baridi kali.

Watu walikuwa wamezoea kusema tauni huletwa na panya na viroboto. Wu alichunguza akaona kwamba hii ilikuwa tauni ya mapafu. Ilipita kutoka kwa mtu hadi mtu kwa kikohozi na pumzi. Kwa hiyo aliwataka madaktari, wauguzi na wabeba maiti wafunike pua na mdomo kwa barakoa ya pamba na shashi, yenye tabaka kadhaa, inayofungwa nyuma ya kichwa. Haikuwa na gharama kubwa, na mtu yeyote angeweza kuitengeneza.

Daktari mmoja Mfaransa mwenye sifa kubwa, Gérald Mesny, hakukubali. Alimdharau Wu, akaingia kuwaona wagonjwa bila barakoa. Siku chache baadaye, mwezi wa Januari 1911, alikufa kwa tauni hiyo hiyo. Baada ya hapo barakoa zilitafutwa mji mzima.

Takriban watu 60,000 walikufa katika mlipuko huo, lakini ulizimwa katika miezi michache. Barakoa haikuuzima peke yake. Wagonjwa walitengwa, safari zilizuiwa, na maiti zikachomwa. Mama, kumbuka hilo. Kinga moja ni kama uzi mmoja, unakatika. Ukizisuka nyingi unapata kamba.

Miaka 7 baadaye homa kubwa ya mafua ilizunguka dunia. Ilifika kwetu kwa meli kupitia bandari ya Mombasa mwezi wa Septemba 1918, ikapanda bara na kuua watu wengi mno. Wakati huo hakukuwa na chanjo ya homa hiyo. Wazee wetu walikuwa na kutengana, hewa safi na uvumilivu tu. Sisi tumepata zaidi.

Mpishi wa Merca

Kisa cha tatu kiko karibu na mlango wetu. Kilitokea Merca, nchini Somalia, mwaka wa 1977.

Ndui ulikuwa ugonjwa wa kutisha. Uliua, ulipofusha, na aliyepona alibaki na makovu usoni. Tangu mwaka wa 1796, Edward Jenner wa Uingereza alipoonyesha kwamba mtu aliyepata ndui ya ng'ombe hukingwa na ndui ya binadamu, chanjo yake ilikuwa imesambaa pole pole duniani. Kufikia mwaka wa 1977 ndui ilikuwa imebaki katika pembe yetu hii ya Afrika tu.

Ali Maow Maalin alikuwa kijana wa miaka 23, mpishi katika hospitali ya Merca. Alifanya kazi mahali ambapo chanjo ilikuwepo kila siku. Lakini alikuwa ameikwepa. Baadaye yeye mwenyewe alieleza kwamba aliogopa ingemuuma. Mwezi wa Oktoba gari lilifika likiwa na watoto wawili wenye ndui, likitafuta kituo cha kuwatengea wagonjwa. Ali akapanda garini kuwaonyesha njia. Ilikuwa safari ya dakika chache tu. Siku kama 10 baadaye alishikwa na homa. Mwanzoni alidhaniwa kuwa na malaria, kisha tetekuwanga. Ilikuwa ndui.

Wahudumu wa afya walimtenga, wakawatafuta wote waliokutana naye, wakawachanja zaidi ya watu 50,000 wa mji huo na vijiji vyake. Hakuna aliyeambukizwa na Ali. Yeye akapona. Akawa mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida ya kuambukizwa, na mwaka wa 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ndui imekwisha.

Ali hakunyamaza. Miaka mingi baadaye alijiunga na kampeni ya chanjo ya polio katika nchi yake. Alikuwa akiwaendea wazazi waliosita, akiwaeleza kosa lake mwenyewe. Alifariki mwaka wa 2013 kwa malaria, akiwa katika kazi hiyo.

Mama, ona hapa. Kuogopa sindano si dhambi, wala si upumbavu. Ali aliogopa. Lakini hofu ya maumivu ya dakika moja inapaswa kuwekwa kwenye mizani na ugonjwa wenyewe. Mizani ndiyo inayoamua.

Mbona walibadilisha maneno?

Turudi sasa kwenye Covid-19. Akina mama wengi waliuliza: mwanzoni tuliambiwa mtu mzima wa afya hahitaji barakoa, kisha tukaambiwa tuvae sote. Kwa nini? Si walikuwa wanabahatisha?

Ni kweli kwamba ushauri ulibadilika. Mwanzoni mwa mwaka wa 2020 Shirika la Afya Duniani halikuwashauri watu wasio wagonjwa wavae barakoa katika jamii. Barakoa za hospitali zilikuwa chache, na ushahidi ulikuwa mdogo. Kisha ikajulikana kwamba mtu anaweza kuambukiza wengine kabla hajaanza kukohoa, au bila kukohoa kabisa. Tarehe 5 Juni 2020 Shirika hilo likabadilisha ushauri na kupendekeza barakoa za vitambaa pale ambapo watu hawawezi kuachana nafasi. Hapa kwetu amri ya kuvaa barakoa hadharani ilikuwa imeshatolewa mwezi wa Aprili.

Fikiria mama anayempa mtoto dawa ya homa, kisha asubuhi anaona vipele na kumkimbiza kliniki. Hatuwezi kusema kwamba jana alidanganya. Ameona dalili mpya, akabadilisha uamuzi. Anayestahili kuogopwa ni yule ambaye habadilishi neno lake hata hesabu ikimkana.

Je, barakoa zilisaidia? Watafiti walilipima jambo hilo katika vijiji 600 vya Bangladesh, nchi yenye masoko na misikiti iliyojaa watu, na yenye familia kubwa kama zetu. Katika baadhi ya vijiji watu walipewa barakoa bure, wakafundishwa na kukumbushwa kuzivaa. Katika vijiji vingine hawakupewa. Watu wapatao 340,000 walifuatiliwa. Katika vijiji visivyopewa, watu 13 kati ya 100 walivaa barakoa vizuri. Katika vijiji vilivyopewa, walivaa 42 kati ya 100. Pale zilipogawiwa barakoa za hospitali, ugonjwa wenye dalili uliothibitishwa kwa damu ulipungua kwa asilimia 11 kwa jumla. Kwa wazee wa miaka 60 na zaidi, ulipungua kwa asilimia 35. Kwa barakoa za kitambaa matokeo hayakuwa wazi kiasi hicho.

Nakuambia yote, hata yale yasiyopendeza. Kuna tafiti nyingine ambazo hazikuonyesha tofauti kubwa, na mara nyingi watu waliopewa barakoa hawakuzivaa. Kwa hiyo barakoa si ukuta wa mawe. Ni kama chandarua: husaidia ikitumiwa, ikikaa vizuri, na mahali panapohitajika. Barakoa iliyoning'inia kidevuni ni chandarua kilichokunjwa juu ya kabati.

Dawa mbili, mwezi mmoja

Sasa kisa ambacho ningependa kila mlezi akishike. Mwaka wa 2020 dawa ya zamani ya malaria, haidroksiklorokwini, ilisifiwa sana. Marais waliisema, watu wakaitafuta katika maduka ya dawa. Wengine walisimulia kwamba waliinywa wakapona.

Kule Uingereza madaktari wa hospitali nyingi waliungana katika utafiti mmoja. Wagonjwa waliolazwa waligawanywa kwa bahati nasibu, kama vile kurusha sarafu. Baadhi walipewa dawa pamoja na huduma ya kawaida, na wengine huduma ya kawaida peke yake. Kisha wakahesabu ni wangapi waliokufa katika siku 28.

Waliopewa haidroksiklorokwini walikuwa 1,561, na wakafa 27 kati ya kila 100. Wasiopewa walikuwa 3,155, na wakafa 25 kati ya kila 100. Dawa haikusaidia. Mwezi huo huo wa Juni 2020, utafiti huo huo ukatoa jibu la dawa nyingine ya zamani na ya bei nafuu, deksamethasoni. Kati ya wagonjwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, waliopewa dawa hiyo walikufa 29 kati ya kila 100, na wasiopewa walikufa 41. Hiyo ilisaidia. Lakini kwa wagonjwa ambao hawakuhitaji oksijeni, haikuonyesha faida yoyote. Ndiyo maana si dawa ya kununua na kumeza nyumbani.

Sasa jiulize: yule aliyemeza haidroksiklorokwini akapona, alidanganya? Hapana. Alipona kweli. Lakini hata wale ambao hawakuimeza, wengi wao walipona. Covid-19 haikuua kila iliyemshika. Kwa hiyo kauli ya "nilikunywa nikapona" haitoshi. Lazima tuulize: na wale ambao hawakunywa, iliwaendeaje?

Hivyo ndivyo tuipime ndimu na tangawizi. Chai hiyo hutuliza koo, na sina ugomvi nayo. Lakini hakuna hesabu inayoonyesha kwamba inaua virusi vya korona. Na sufuria ya maji yanayochemka iliyowekwa mbele ya mtoto chini ya shuka ni hatari. Ikipinduka, mtoto ataungua. Usimfukize mtoto.

Chanjo kwenye mizani

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Machi 2021, shehena ya kwanza ya chanjo, zaidi ya dozi milioni 1, ilitua Nairobi. Wahudumu wa afya wakatangulia kuchanjwa. Lakini watu walisema: imetengenezwa haraka mno.

Haraka, ndiyo. Bila kupimwa, hapana. Chukua mfano wa chanjo ya Pfizer. Watu wapatao 43,000 walijitolea. Nusu walichomwa chanjo, nusu walichomwa maji ya chumvi, na hawakuambiwa ni ipi waliyopata. Kisha wakasubiriwa. Kati ya waliochanjwa, 8 waliugua Covid-19. Kati ya waliopewa maji ya chumvi, waliugua 162. Hiyo ni mizani ambayo mtoto wa darasa la 4 anaweza kuisoma.

Je, ulinzi huo ulidumu hivyo? Haukudumu. Virusi vilibadilika, vikaja vya Delta na baadaye Omikroni, na waliochanjwa nao wakaambukizwa. Wengi wakasema, "Basi chanjo haina maana." Lakini jambo kubwa lilibaki: chanjo iliendelea kupunguza sana ugonjwa mkali na vifo. Aliyechanjwa angeweza kukohoa wiki moja. Asiyechanjwa, hasa mzee, alikuwa na hatari kubwa zaidi ya kulazwa.

Na madhara? Yapo. Mkono kuuma, homa ya siku moja au mbili, uchovu. Kwa chanjo ya AstraZeneca, mwaka wa 2021 iligunduliwa kwamba watu wachache sana waliganda damu kwa namna ya hatari. Baadhi ya nchi ziliacha kuwapa vijana chanjo hiyo, na mwaka wa 2024 kampuni iliiondoa sokoni. Naona ni vyema ulijue hilo kutoka kwangu kuliko kulisikia sokoni likiwa limekuzwa. Madhara hayo yalijulikana kwa sababu kuna watu ambao kazi yao ni kuhesabu madhara baada ya chanjo kutolewa. Na kuhusu kutozaa, tafiti zilizowafuatilia wanawake waliochanjwa hazikuonyesha kwamba chanjo inazuia mimba.

Mama mjamzito na anayenyonyesha

Hapa akina mama walikuwa na sababu ya kulalamika. Majaribio ya kwanza ya chanjo hayakuwahusisha wajawazito, kwa hiyo mwanzoni hakuna aliyekuwa na jibu kamili kwao. Jibu lilikuja baadaye. Ilionekana kwamba mjamzito akipata Covid-19 ana hatari kubwa zaidi ya kuugua vibaya na ya kujifungua kabla ya wakati. Ilionekana pia kwamba chanjo haikuongeza hatari ya mimba kutoka, na kwamba kinga ya mama humfikia mtoto tumboni.

Kuhusu kunyonyesha, watoto wengine walitenganishwa na mama zao kwa hofu. Mwezi wa Juni 2020 Shirika la Afya Duniani lilisisitiza kwamba mama mwenye Covid-19 aendelee kunyonyesha: anawe mikono, avae barakoa, ampe mtoto titi. Faida ya maziwa ya mama ilikuwa kubwa mno kuliko hatari ya virusi. Hiyo nayo ni mizani.

Maswali matatu ya kuuliza

Basi, mama, mtu akikuletea habari ya dawa, chanjo au kinga, awe jirani, mhubiri, mwanasiasa, au hata daktari, mwulize maswali haya. Kuuliza si ujinga.

Swali la kwanza: ni watu wangapi? Mmoja aliyepona au aliyeugua ni kisa. Maelfu ni ushahidi.

Swali la pili: wamelinganishwa na nani? Kumbuka wodi mbili za Vienna. Bila wodi ya pili, Semmelweis asingejua chochote.

Swali la tatu: anayesema atapata nini, na atakubali kubadilisha neno lake akikosea? Anayekuuzia chupa ya dawa ana sababu ya kutohesabu.

Leo tuko wapi?

Amri ya kuvaa barakoa nje iliondolewa hapa Kenya mwezi wa Machi 2022. Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hali ya dharura imekwisha. Halikusema ugonjwa umekwisha. Virusi bado vipo. Hapa kwetu zaidi ya watu 5,600 waliandikwa kuwa wamekufa kwa Covid-19, na kila mmoja alikuwa mzazi, mwana au nduguye mtu. Duniani kote vifo vilivyoandikwa ni takriban milioni 7, na watafiti wa Shirika hilo walikadiria kwamba katika miaka ya 2020 na 2021 peke yake idadi ya kweli ilikaribia milioni 15.

Hatuhitaji tena kuishi kwa hofu. Tunahitaji tahadhari, na tahadhari ni kitu kingine. Mwenye hofu hujifungia ndani au hukimbilia kila dawa. Mwenye tahadhari hufanya mambo madogo kwa wakati wake.

Ukiwa na kikohozi na mafua, vaa barakoa unapomhudumia mtoto mchanga au nyanya mwenye sukari au shinikizo la damu. Ukienda kliniki au hospitali iliyojaa watu, vaa barakoa ifunike pua na mdomo. Fungua dirisha, kwa kuwa virusi hivi hupenda chumba kisichopitisha hewa. Nawa mikono kwa sabuni. Usimvalishe barakoa mtoto wa chini ya miaka 2, kwani inaweza kumzuia kupumua. Waulize wahudumu wa kituo chako cha afya ni chanjo gani zinapatikana sasa na zinawafaa akina nani, hasa wazee, wajawazito na wenye magonjwa ya kudumu. Na usisahau chanjo nyingine za mtoto zilizo kwenye kijitabu chake: surua, polio na wenzake bado wanangoja mlango ulioachwa wazi.

Mtu yeyote akianza kupumua kwa shida, kifua kikambana, au midomo ikageuka rangi, usingoje ushauri wa simu. Mpeleke hospitali mara moja.

Akina mama wa Vienna walijua wodi ipi inaua kabla ya maprofesa, kwa sababu walitazama na kuulizana ni nani aliyerudi nyumbani na ni nani hakurudi. Wewe pia una macho hayo. Tazama, uliza, hesabu, kisha uamue. Tahadhari kabla ya hatari.

 Mlinde mtoto, mtunze mzee, na ujitunze wewe mwenyewe. Kwaheri kwa sasa.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Ni habari gani ya Covid-19 uliyoiamini mwaka wa 2020 ambayo baadaye uliona si kweli? Ni nini kilichokubadilisha?

2. Kwa nini kauli ya "nilikunywa nikapona" haitoshi kuwa ushahidi?

3. Katika nyumba yako, nani ana hatari zaidi mtu mmoja akipata kikohozi? Mtafanya nini kumkinga?